KUSOMESHA WATOTO NYUMBANI: YALIYO KWELI NA YALIYO DHANA

Bismillahir Rahmanir Rahim



Tumeulizwa na ndugu zaidi ya mmoja, wanaume kwa wanawake, katika darsa zetu za baada ya Alasiri: Je, yafaa mzazi kumtoa mwanawe skuli akamsomesha mwenyewe nyumbani? Wako waliokwisha kata shauri, wanangoja muhula umalizike tu. Wako na wengine walioisikia habari hii wakacheka, wakasema huo ni wazimu wa matajiri. Tulipoyachunguza maneno ya makundi mawili haya tuliona kwamba aghalabu ya wasemao, wa upande huu na wa upande huo, wanasema kwa kudhani. Na jambo la mtoto halikatwi kwa dhana, kwani miaka yake ya kusoma ikipita hairudi.

Kwa hiyo tumeonelea tuzitaje dhana hizo moja moja, na baada ya kila moja tueleze lililo kweli, ili kila mzazi ajipime mwenyewe. Hatumlengi mtu yeyote kwa maneno yetu. Tunayemkusudia ni mtoto, ambaye ndiye atakayefaidi au kuhasirika, na ambaye katika mashauri haya hakuna amwulizaye.

Kwanza tufahamiane juu ya maana. Tusemapo kusomesha nyumbani hatukusudii saa mbili za Kurani baada ya skuli, wala mwalimu wa ziada ajaye jioni. Twakusudia mzazi kuuchukua mzigo wote ambao skuli ilikuwa ikiuchukua: kusoma na kuandika, lugha, hesabu, sayansi, mitihani, na kumzoeza mtoto kukaa na watu. Asiyeuchukua mzigo huo wote hakumsomesha mwanawe nyumbani. Amemtoa skuli tu.

DHANA YA KWANZA: Kwamba jambo hili ni geni, limeletwa na Wazungu.

Haya si kweli. Skuli ya madawati na kengele ndiyo iliyo ngeni kwetu. Nyumba yenye mwalimu ndani yake ni ya kale. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, alisomeshwa nyumbani kwa babake. Alipofika umri wa miaka kumi alikuwa amekwisha ihitimu Kurani na sehemu kubwa ya adabu ya Kiarabu, kisha babake akamleta mwanachuoni aitwaye an-Natili akakaa nao nyumbani amfundishe falsafa. Katika karne ya kumi na mbili, Fatima binti wa Alauddin as-Samarqandi alisoma fiqhi kwa babake, mtungaji wa kitabu Tuhfatul Fuqahaa, mpaka ikawa fatwa zinatoka katika nyumba ile zina hati ya mkono wake pamoja na ya babake. Akaolewa na al-Kasani, naye ni bingwa wa fiqhi, zikawa zinatoka na hati tatu.

Na hapa kwetu pwani, kabla ya skuli za serikali, watoto wengi walisoma katika kumbi na vyumba vya nyumba za watu, na wanawake wengi walisomeshwa na mama zao na shangazi zao. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858 kumfunza adabu na mwenendo, na mpaka leo wasomi wanausoma. Hiyo pia ni elimu iliyotoka kwa mama kwenda kwa mwana, ndani ya nyumba.

Basi asiseme mtu kwamba haiwezekani. Lakini tutazame vizuri: katika kila nyumba tuliyoitaja alikuwamo mtu mwenye elimu, na mtu huyo alikaa akafundisha.

DHANA YA PILI: Kwamba mtoto akiwa nyumbani na vitabu vyake, anasoma.

Hii ndiyo dhana yenye hatari kuliko zote. Sote tuliliona jambo hili kwa macho yetu mwaka 2020, serikali ilipozifunga skuli zote za Kenya mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Watoto wa madarasa ya mitihani hawakurejea mpaka mwezi wa Oktoba, na wengine wote mpaka Januari 2021. Masomo yalipelekwa katika redio na televisheni. Nyumba iliyokuwa na mtu wa kumketisha mtoto, akamtazama anaandika nini, mtoto yule alipata kitu. Na nyumba isiyokuwa na mtu huyo, mtoto alisahau hata alichokuwa akikijua, na wako ambao hawakurejea skuli tena maisha yao. Nyumba zote hizo watoto walikuwa nyumbani, na vitabu vilikuwa vile vile.

Jambo hili limechunguzwa pia na wataalamu. Mwaka 2011 Sandra Martin-Chang wa Chuo Kikuu cha Concordia, huko Canada, pamoja na wenzake, waliwapima watoto 37 waliosomeshwa nyumbani na watoto 37 wa skuli, wa umri wa miaka mitano hadi kumi. Wale wa nyumbani waliofundishwa kwa utaratibu, yaani kwa ratiba na masomo yaliyopangwa, waliwapita wa skuli katika vipimo vingi. Lakini wale wa nyumbani walioachiwa wajisomee wapendavyo, bila ya mpango, walikuwa nyuma ya wote. Watoto 74 ni wachache, na hatuwezi kuhukumu dunia nzima kwao. Lakini walichokionyesha chaafikiana na tulichokiona sisi wenyewe: kuta za nyumba hazifundishi, na kuta za skuli pia hazifundishi. Afundishaye ni mwalimu, na utaratibu wake, na kudumu kwake.

DHANA YA TATU: Kwamba imethibitishwa kuwa watoto wa nyumbani wana akili kuliko wa skuli.

Maneno haya yanapita sana katika simu za watu, na yanategemezwa juu ya hesabu zitokazo Marekani. Moja iliyo mashuhuri ni ya mwaka 1999, ya mtaalamu aitwaye Lawrence Rudner, iliyowahusu wanafunzi wa nyumbani 20,760, na alama zao zilikuwa za juu sana. Idadi hiyo ni kubwa, na mtu huishangaa. Lakini sisi watu wa darsa tumefundishwa kwamba kabla ya kuipokea habari tutazame imetoka kwa nani na imepokewa vipi. Wanafunzi wale walikuwa ni wa wazazi waliojiandikisha wenyewe na kulipia mtihani katika taasisi moja, na wengi wao ni watu wenye elimu na pato kuliko Wamarekani wa kawaida. Mzazi aliyemwacha mwanawe bila ya kumfundisha hakumleta kupimwa. Rudner mwenyewe alitahadharisha kwamba uchunguzi wake hauthibitishi kuwa nyumba ni bora kuliko skuli.

Kwa hiyo achukuaye hesabu ile akasema, "Nami nikimtoa mwanangu atakuwa kama wale," amejenga juu ya mchanga. Na asemaye kuwa watoto wa nyumbani wote hawajui kitu, naye hana hoja. Matokeo yanafuata kazi.

DHANA YA NNE: Kwamba kila mzazi aweza kufundisha, kwa kuwa anampenda mwanawe.

Mapenzi ni jambo moja na elimu ni jambo jingine. Mama aweza kumpenda mwanawe kuliko nafsi yake, na asijue kumweleza sehemu za hesabu. Huko si kumtia aibu. Imam Shafi, aliyezaliwa Ghaza mwaka 767, alikuwa yatima, akilelewa na mama maskini. Mama yule hakumfungia mwanawe ndani kwa kumwonea uchungu. Alimchukua akampeleka Makka, kwenye watu wenye elimu, na kijana alipokua akasafiri kwenda Madina kwa Imam Malik. Wema wa mama yule ulikuwa katika kujua nani aijuaye elimu na kumfikisha mwanawe kwake.

Hata babake Ibn Sina tuliyemtaja, aliyekuwa na uwezo wa kuwaleta waalimu nyumbani, alipotaka mwanawe ajue hesabu ya Kihindi alimpeleka kwa mwuza mboga aliyekuwa akiijua hesabu hiyo. Hakuona haya kumtoa nje ya nyumba kuifuata elimu, hata iwe kwa mtu wa sokoni. Na katika habari za Badri, mwaka wa pili wa Hijra, imepokewa kwamba miongoni mwa mateka wa Makureshi wako ambao fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, na hao walikuwa washirikina. Hili walifikirie sana wale wasemao kwamba mtoto asifundishwe hesabu na asiye wa dini yake.

Tena kuna jambo la subira. Mwalimu wa skuli humwacha mtoto saa kumi akaenda kwake. Mzazi afundishaye nyumbani hana pa kwenda. Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kwamba ukali juu ya wanafunzi, hasa watoto wadogo, huwafundisha uwongo na hila na huiua nguvu ya nafsi zao. Mzazi ajijuaye kuwa ni mwepesi wa kupandwa na hasira basi ajiulize: fimbo ikiwa ndani ya nyumba ya mtoto mwenyewe, atakimbilia wapi?

DHANA YA TANO: Kwamba mtoto wa nyumbani hatajua kuishi na watu.

Katika neno hili mna ukweli kidogo, na watu wameuzidisha. Mtoto mwenye ndugu, jirani, msikiti, mpira wa jioni na jamaa wa kuzuru, hukutana na watu wa kila umri, naye hujifunza kusalimia wakubwa na kuwahurumia wadogo. Huyo hatumhofii. Tunayemhofia ni yule aliyefungiwa katika vyumba viwili vya gorofa, anayemjua mama na kioo cha simu tu.

Wanachuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Katika kitabu cha Siyasa kinachonasibishwa na Ibn Sina mna maelezo kwamba mtoto kusoma pamoja na watoto wenziwe kuna faida, kwani hushindana, huigana katika mema, huzungumza, na huchoka kidogo kuliko akikaa peke yake na mwalimu mmoja. Na Ibn Khaldun naye asema kwamba kusafiri na kukutana na waalimu wengi huikamilisha elimu ya mtu. Basi mwenye kumsomesha mwanawe nyumbani yampasa amtafutie wenziwe kwa makusudi, kwani hawatakuja wenyewe.

DHANA YA SITA: Kwamba nyumbani dini ya mtoto imehifadhika.

Hapa ndipo penye moyo wa swali tuliloulizwa. Wazazi wengi wanaotaka kuwatoa watoto wao hawakimbii hesabu wala Kiingereza. Wanakimbia lugha chafu, bangi, urafiki mbaya, na skuli ambazo mtoto hapewi nafasi ya kusali Adhuhuri. Khofu hiyo ni ya haki, na asiyekuwa nayo hakuijua amana aliyopewa. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 6, ametuamuru tujikinge na Moto sisi wenyewe na watu wetu wa nyumbani.

Lakini tuulizane kwa insafu: uovu wa siku hizi waingia kwa mlango gani? Simu imo ndani ya chumba cha kulala, na yaliyomo ndani ya simu hiyo hayapo katika ua wa skuli yoyote. Baba asiyesali Alfajiri hatamfunza mwanawe sala kwa kumtoa skuli. Nyumba yenye masengenyo na matusi ni skuli pia, na somo lake halina likizo. Mzazi akitaka kuihifadhi dini ya mwanawe, aanze kwa kuitengeneza nyumba, na hilo laweza kufanywa leo, mtoto akiwa angali skuli.

Tena tuikumbuke tarikhi yetu. Katika zama za ukoloni skuli nyingi zilikuwa za wamishenari, na Waislamu wengi wa pwani waliwazuia watoto wao kwa kuikhofia dini yao. Khofu ile ilikuwa na sababu. Ila walipowazuia, wengi hawakujenga badala yake, na watoto wao wakakosa elimu ya dunia bila ya kuwa wanachuoni wa dini. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alipiga kelele juu ya jambo hili katika gazeti lake al-Islah, alilolianzisha Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu waijenge elimu ya dini na elimu ya dunia pamoja. Mafunzo ya tarikhi hiyo ni haya: anayebomoa bila ya kujenga huwaacha watoto wake juani.

Na wanaoumia kwanza ni mabinti. Twaona mzazi akimtoa bintiye kwa jina la stara, akasema atamsomesha nyumbani. Baada ya miezi mitatu daftari halionekani tena. Binti anapika, anafua na kulea wadogo zake, na nduguye wa kiume angali skuli. Ikiwa stara ndiyo hoja, mbona mwana wa kiume hahitaji kukingwa na bangi? Fatima as-Samarqandi alikuwa na stara, na stara yake haikumzuia kuijua fiqhi mpaka hati yake ikawa katika fatwa. Anayemnyima bintiye elimu asilitumie jina la dini kuwa pazia.

DHANA YA SABA: Kwamba mtoto ni wangu, sheria haihusiki.

Katika nchi mbali mbali hukumu ni mbali mbali. Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1996 yamruhusu mzazi kumwelimisha mwanawe skuli au kwa njia nyingine. Marekani jambo hili limekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993. Afrika Kusini imeliruhusu kwa sheria ya mwaka 1996, kwa sharti mzazi ajiandikishe. Ujerumani imelikataza, na wazazi waliokwenda kulalamika katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walishindwa mwaka 2006 na tena mwaka 2019.

Ama Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, nayo ni ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 30, yamlazimu mzazi kuhakikisha kuwa mwanawe ahudhuria skuli, na imeweka adhabu kwa asiyetii bila ya sababu ya haki. Sheria hiyo haikuweka njia ya mzazi kujiandikisha kuwa msomeshaji wa nyumbani. Kwa hiyo wanaofanya hivyo hapa wasidhani kwamba wamesimama juu ya ardhi imara. Mwenye kuona sheria yafaa kubadilishwa, aseme kwa njia zake, katika bunge na mahakama. Asimfiche mtoto.

Kuna na jambo la mitihani. Katika mtaala mpya, alama za mtoto anapokwenda sekondari ya juu hazitoki katika mtihani mmoja. Asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 katika kazi zinazopimwa skuli Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 katika mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mtoto asiyekuwa na skuli, ni nani atakayemwandikia alama zile za katikati? Wengi wasomeshao nyumbani hukimbilia mitihani ya Uingereza, nayo hulipiwa kwa kila somo. Mzazi alijue hili mwanawe akiwa na miaka sita, asingoje mpaka awe na miaka kumi na minne.

KAULI YETU

Kumsomesha mtoto nyumbani kunawezekana, na kumewatoa mabingwa. Ni kazi ya kutwa, yenye ratiba, mwalimu, mtihani na gharama. Pasipokuwa na hayo, kumtoa mtoto skuli ni kumnyang'anya haki yake, hata nia ikiwa njema. Na kwa Kenya ya leo, kwa hali ya sheria na mitihani tuliyoieleza, shauri letu kwa walio wengi ni kumwacha mtoto skuli na kuifufua nyumba: baba au mama akae na mwanawe nusu saa kila usiku, amwulize amesoma nini na amesikia nini, amsikilize kisomo chake cha Kurani, na simu zote ziwekwe mbali. Na palipo na skuli yenye uovu, wazazi washikamane waende kwa mwalimu mkuu pamoja, kwani sauti ya mmoja hupuuzwa na ya ishirini husikika. Ikiwa hapana budi, wamtafutie mtoto skuli nyingine.

Mtoto ni amana, na siku ya kurudisha amana hatutaulizwa tulikhofu kiasi gani. Tutaulizwa tulifanya nini.

MASWALI YA DARSA

1. Nini tofauti baina ya mtoto aliye nyumbani na mtoto asomeshwaye nyumbani? Toa mfano wa mwaka 2020.

2. Mamake Imam Shafi alimfanyia mwanawe nini, na mzazi asiyesoma apata funzo gani kwake?

3. Kwa nini hesabu ya mwaka 1999 kutoka Marekani haitoshi kuwa hoja?

4. Andika katika daftari lako: juma lililopita ulikaa na mwanao usiku mara ngapi, na mlisoma nini? Jawabu hili usimwonyeshe mtu, lisome mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.